Bwana Fomu na Kifaa cha Kumi

Fundi wa mtandao wa bweni moja la chuo wanafunzi walimwita Bwana Fomu, na jina likamkaa kama shati la kushonewa. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kifaa kimoja tu: simu au kompyuta, chagua. Ukitaka kubadilisha, jaza fomu, mlezi wa bweni aigonge muhuri, kisha usubiri siku tatu. Kwa nini tatu? Basi tu, ndivyo alivyopenda.

Binti wa chumba namba kumi na nne alimfuata mpaka akachoka.

"Fundi, tasnifu nzima nitaiandikaje kwenye simu? Nisajilie kompyuta."

"Jaza fomu."

"Nimeshajaza tatu!"

"Ulitumia wino mweusi. Tunataka wa bluu."

Binti akafanya walichofanya wenzake: akaugawa mtandao kutoka kwenye simu yake, chumba kizima kikajiunga. Watu wa aina hiyo Bwana Fomu aliwasaka kama kunguni. Alitengeneza ukurasa uliowaorodhesha wote kwa herufi nyekundu, ukijisasisha kila baada ya dakika tano. Kwa ukurasa huo alitarajia kupewa ukuu wa kitengo, cheo alichokingoja miaka kumi na moja huku vijana aliowafundisha kazi wakimpita. Ilimuuma, jamani, ilimuuma sana.

Asubuhi ambayo mkuu wa chuo alikuja kuuona ukurasa huo, kompyuta ya ofisi ilizima na ikagoma kuwaka. Bwana Fomu akatoa yake ya nyumbani. Mtandao ukamjibu: "Kifaa hiki hakijasajiliwa. Jaza fomu. Subiri siku tatu." Njia ya dharura haikuwepo. Alikuwa ameifunga mwenyewe, tena akajisifu kikaoni. Jasho likamtoka mpaka kwenye soksi.

Akakimbilia chumba namba kumi na nne na kubisha hodi kwa adabu ambayo mlango ule haukuwahi kuipata kwake.

"Mwanangu, niokoe. Nigawie mtandao kidogo."

"Umejaza fomu, baba?" Binti akacheka, kisha akamtajia neno la siri. "Na kompyuta yangu utaisajili?"

"Leo leo!"

Ukumbini, chini tu ya chumba hicho, ukurasa ukafunguka ukutani, mkubwa, mwekundu, unapendeza. Mkuu wa chuo akaitikia kwa kichwa. Bwana Fomu akavimba, shukrani kwa binti zikamtoka kichwani.

"Chumba namba kumi na nne, vifaa tisa vya wizi," alinguruma. "Adhabu ni kufungiwa siku thelathini, awe nani awe nani."

"Safi kabisa," alisema mkuu. "Lakini mbona mimi naona kumi?"

Bwana Fomu akageuka. Dakika tano zilikuwa zimetimia. Chini ya vile tisa kilikuwa kimetokea cha kumi, kwa jina alilokipa mwenyewe nyumbani, siku aliyokuwa na furaha: MKUU WA KITENGO MTARAJIWA.

Mkuu wa chuo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na huyu mtarajiwa," aliuliza taratibu, "amejaza fomu?"