Kabla ya Kumwondoa Ta Kaijage

Asubuhi ile naikumbuka kwa umande wake, mwanangu. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu, miguu inaniwasha, nikatoka kwetu Ihembe bila kumwambia mtu ninakokwenda, maana hata mimi sikukujua. Mchana nikafika Kihanga, nikakuta vijana wakicheza mpira wa magongo. Mchezo huo waliletewa na mwalimu kutoka Bukoba. Alipohamishwa, timu ikabaki mikononi mwa mzee mfugaji, Ta Kaijage; kwetu "Ta" au "Tata" ni baba, kwa heshima.

Walikuwa wamefungwa mara nne mfululizo, na wazee wa pale walikwisha sema: mkifungwa tena, uwanja unarudi kuwa malisho. Mchezo ulipokwisha wakakaa kubishana kama mzee aondolewe. Petro, nahodha, akanigeukia.

"Wewe mgeni, umetazama. Unaonaje?"

Mwenye busara angeomba kwanza maji ya kunywa. Mimi nikatoa hukumu. Nilikuwa nimeona mzee akiwapanga wachezaji kwa umri, wakubwa mbele, wadogo nyuma, kama watu wanavyokaribishwa kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Mwondoeni," nikasema. "Mbio haziulizi nani alizaliwa kwanza."

Wakacheka, wakapiga makofi, na kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa mrefu kuliko gongo, timu wakanipa mimi. Ta Kaijage hakubisha. Aliokota fimbo yake, akasema, "Haya, baba," akaenda zake.

Mechi ilikuwa kesho yake. Wageni wakafika wote. Wetu wakaja watano.

"Wengine wako wapi?"

"Wanachunga ng'ombe," Petro akajibu, macho chini. "Siku za mechi Ta Kaijage alipita nyumba kwa nyumba kututafutia watu wa kutuchungia. Akiwakosa, alichunga mwenyewe. Tulizoea, tukasahau."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani uliuliza?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikakimbia mbugani, nikamkuta mzee na ng'ombe wake.

"Shikamoo, Ta Kaijage."

"Marahaba. Umekuja kuniondoa na huku?"

Nikapiga magoti, nikamweleza. Akanitazama miguu yangu yenye vumbi, akatabasamu.

"Unajua kuchunga?"

"Mimi mtoto wa migomba, Tata."

"Leo utajua."

Akaagiza ng'ombe wa wachezaji wote waletwe pale, akaniachia fimbo yake. Alipokuwa akiondoka na vijana, akageuka. "Na mbele nimweke nani?"

"Wenye mbio, Tata. Hata kama ni wadogo."

Akatikisa kichwa kukubali. Mechi hiyo sikuiona, mwanangu. Ndama mmoja alinizungusha kilima kizima. Baadaye nikasikia vigelegele. Hawakushinda, walitoka sare, lakini uwanja ulibaki. Jioni Ta Kaijage akanichukua kwake, akanipa maziwa kwenye kibuyu na mahali pa kulala karibu na ndama yuleyule. "Mjuane," akasema.

Basi, timu yenu inapoyumba, msikimbilie kubadili mtu. Ulizeni kwanza amebeba nini ambacho hamkioni, kisha semeni naye wazi kuhusu kinachowaangusha. Huenda kinachotakiwa kugeuka ni njia, si kiongozi. Na wewe ukipewa uongozi, msikilize hata mpita njia aliyekukosea adabu.

Mungu akupe miguu ya kufika mbali, mwanangu, na masikio yatangulie kufika kabla ya mdomo wako.