Minazi Tisa ya Ng'ambo ya Njia

Harufu ya madafu yaliyopasuka juani, ule utamu unaochacha kufikia adhuhuri, hadi leo siivumilii. Kwetu, vilimani Kaloleni, shamba laweza kuwa la huyu na mnazi uliomo ukawa wa yule, na hakuna anayeshangaa. Minazi tisa ya baba ilikuwa ng'ambo ya njia, katika shamba la mdogo wake, baba mdogo Karisa, maana babu ndivyo alivyowagawia. Tangazo la mipaka mipya ya majimbo ya uchaguzi lilipobandikwa kwa chifu, baba alinituma nikalisome. Nilikuwa darasa la sita, na kwa kusoma, jamani, nilijiona bingwa! Nilipofika pale palipotajwa njia yetu nilitoka mbio, aya ya chini sikuiangalia. Nikamwambia baba kwamba njia ndiyo mpaka, na baba mdogo kawekwa jimbo jingine. Baba hakuuliza habari ya kura. Aliuliza minazi yake. Nami, mjuaji, nikajibu kwamba vyote vya ng'ambo vimekwenda.

Asubuhi yake alipanda, akaangusha kila kitu, nazi, madafu, hata vidaka visivyo na maji. Alikuwa juu ya mnazi wa tano baba mdogo alipotokea, panga la kufyekea mkononi.

"Teremka, kaka."

"Niteremke niwaachie watu wa jimbo jingine mali yangu?"

"Watu gani? Si mimi huyu? Leo umeniona mwizi?"

Baba alikata shada jingine. Baba mdogo alisogea hadi shinani na panga lake, na mkojo ulinitiririka miguuni. Nilijua kosa ni langu, tangazo halikutaja minazi, nikanyamaza. Naona haya hadi leo. Mwishowe baba mdogo alilikita panga kwenye shina la mnazi, akaliacha limenasa, akaenda zake. Hawakula tena sinia moja.

Ile aya ya chini niliisoma baadaye, karatasi imeshaanza kuchanika. Yalikuwa mapendekezo tu, wananchi watoe maoni. Walitoa, na mpaka ukapelekwa mbali, kule mtoni.

Siku hizi mimi ni mwalimu, na mipaka inazungumziwa tena. Majirani huniletea matangazo, nami nawasomea kila neno hadi muhuri, wakinicheka kwamba nachosha. Njia yetu iko katika jimbo moja, pande zote mbili. Baba tulimzika mwaka juzi. Baba mdogo alisimama ng'ambo, kofia mkononi, mpaka tukamaliza kufukia. Hakuvuka.