Wimbo wa Namba ya Bunduki

Nililelewa katika kambi ya jeshi Nakuru. Baba yangu alikuwa fundi wa silaha, na jioni alirudi nyumbani akinukia mafuta ya bunduki. Harufu hiyo hiyo ndiyo iliyonisimamisha mbele ya meza moja kwenye soko la vitu vya kale hapa Birmingham, miaka mingi baadaye. Mzee wa meza ile alikuwa na bunduki ya vita kuu ya pili. Alinieleza askari gani aliitoa Italia, aliivushaje bahari, na kwa nini mkewe alikataa itundikwe ukutani. Nilimsikiliza mpaka chai yake ikapoa. Nikainunua, nikarudi nayo nyumbani Erdington ndani ya basi, imefungwa kwa shuka.

Mume wangu alinipokea mlangoni. Yeye ni mtu wa Bukavu, na alikimbia vita akiwa kijana.

"Mama watoto, mimi nilikimbia hii vitu. Sasa wewe unaileta mu nyumba?"

Nilimwonyesha mtutu uliozibwa, mtambo uliokatwa, na cheti cha kuthibitisha kuwa haiwezi tena kupiga risasi. Akatikisa kichwa. Tukakubaliana: itakaa katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa, na yeye hataingia humo. Alitimiza ahadi yake miaka yote huku bunduki zikiongezeka.

Sikukusanya ovyo. Nilitaka zile tu zilizoletwa nyumbani na askari wenyewe, na ziwe na ushahidi wa nani alizileta. Ndivyo ilivyokuwa pia kanuni ya chama chetu cha wakusanyaji, kinachokutana katika ukumbi wa kanisa karibu na stesheni. Mimi nilikuwa mwanamke pekee na Mwafrika pekee. Mwenyekiti, mzee mrefu mwenye masharubu meupe, alinipenda kwa sababu niliuliza maswali mengi, lakini kwa ushahidi hakumwonea mtu haya. "Hadithi tamu nimezisikia nyingi," alikuwa akisema. "Nionyeshe kitu."

Kazi yangu ni kuwafundisha watu kutembea tena baada ya upasuaji, katika hospitali moja ya Edgbaston. Huko ndiko nilikompata mama mmoja wa Castle Vale, mwenye miaka sabini na kitu, aliyebadilishwa goti. Tulipokuwa tukipanda ngazi za mazoezi tulizungumza mambo mengi, na siku moja nikamtajia bunduki zangu. Alicheka sana. Baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani aliniomba namba ya simu, tukawa marafiki.

Jumamosi moja akanipigia simu. Mpwa wake alikuwa akisafisha dari ili nyumba iuzwe, na nyuma ya tangi la maji amekuta bunduki ndani ya blanketi. Ilikuwa ya marehemu baba yake mama, aliyekuwa sajini huko Burma wakati wa vita.

"Imezibwa?" nikamuuliza.

"Nitajuaje, mwanangu?"

"Basi msiiguse. Piga simu polisi sasa hivi, nami nakuja."

Nilifika nikakuta polisi wakiitoa nje. Niliiona kwa muda mfupi tu: ya Kijapani, ndefu, kitako cha mbao nyekundu, na nzima kabisa, inayoweza kuua. Sheria ya hapa haina mchezo na silaha kama hiyo. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono imekunjwa mapajani kama mtuhumiwa.

Ofisa wa leseni za silaha alikuwa kijana mpole. Alitueleza kuwa mama hana kosa kwa sababu ametoa taarifa mara moja, ila bunduki za namna hiyo kwa kawaida huyeyushwa. Nikamwomba asiiyeyushe. Nilimwambia inaweza kupelekwa kwa fundi mwenye leseni, ikazibwa, ikahifadhiwa.

"Nikipata uhakika kwamba ni kumbukumbu ya vita," akasema. "Ilivyo sasa ni bunduki ya darini. Inaweza kuwa ya mtu yeyote."

Mama akaleta picha. Baba yake, mwembamba, amesimama katikati ya askari wa Kiafrika, na koplo aliye kando yake ameshika bunduki ndefu. Ofisa akaitazama vizuri. "Hii inaonyesha bunduki. Haionyeshi kwamba ni hii." Akatupa wiki mbili.

Alipoondoka tulibaki jikoni. Mama alikuwa analia, si kwa sababu ya bunduki, bali kwa sababu baba yake hakusema lolote kuhusu Burma maisha yake yote.

"Hata neno moja?" nikauliza.

"Aliniimbia tu," akasema. "Wimbo wa kunilaza. Nadhani ni wa Kiburma." Akafuta macho, akaimba polepole huku akipiga meza kwa kidole: "Saba-saba, nani-mbili, sita-oo. Saba-saba, nani-mbili, sita."

Nikamshika mkono.

"Rudia!"

Akarudia.

"Mama, hicho si Kiburma. Ni Kiswahili. Unahesabu! Saba, saba, nane, mbili, sita."

Mimi nilikuwa tayari nimeshika simu, kwa maana binti wa fundi wa silaha anajua askari huambiwa aikariri namba ya bunduki aliyonayo mpaka aiote. Nikampigia ofisa, nikamwomba asitutajie namba ya bunduki bado, ila atupokee kituoni.

Jumatatu tukaenda. Ofisa alikuwa amekaa, karatasi yenye namba ya bunduki ameigeuza chini. Nilimwambia mama aimbe. Akaona haya, maana polisi wawili walikuwa wakipita, lakini akaimba, na mimi nikatafsiri neno baada ya neno. Ofisa akaandika tarakimu, akageuza karatasi, akaziweka sambamba. Akatusogezea zote mbili tuone wenyewe.

Saba, saba, nane, mbili, sita.

Mama alipiga ukelele, akaruka kwa namna ambayo goti lake jipya halikuitarajia. Nikamkumbatia tukazunguka pale kituoni kama watu walioshinda kesi. Ofisa naye alikuwa anacheka. "Hii," akasema, "sitaweza kuiyeyusha."

Bunduki ilipozibwa na kupata cheti, mama alinikabidhi mimi. Mwenyekiti alisikiliza habari yote kwa makini, akaomba kuiona picha, akaomba kuiona namba, kisha akavua miwani. "Hii nimeonyeshwa," akasema. Akanipa meza ya kwanza katika maonyesho ya mwaka.

Tulibishana jambo moja tu, nalo ni maelezo ya kuweka mbele ya bunduki. Yeye alitaka aandikwe sajini aliyeileta. Nilimwambia sajini aliruhusiwa kuja nayo nyumbani, lakini katika picha aliyeishika ni koplo, na wimbo ni wa lugha ya koplo. Aliyeikariri namba ile kwanza ni yeye, akamfundisha mwenzake. Jina lake hatulijui, lakini atatangulia. Mama wa Castle Vale akasimama upande wangu, na maelezo yakaandikwa hivyo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Walikuja Wakenya, Wasomali waliokulia Eastleigh ya kule nyumbani na sasa wanaishi mtaani kwetu, na Wakongo wa kanisani. Wanangu, ambao nikiwasemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, walisimama wakisoma maelezo ya Kiswahili kwa sauti, mmoja akimsahihisha mwenzake.

Kisha nikamwona mume wangu akiingia, amevaa suti ya Jumapili. Akakaa muda mrefu mbele ya picha iliyowekwa mezani kando ya bunduki, uso karibu uguse kioo.

"Huyu koplo," akasema, "anasimama kama mwanaume."

Akavua koti, akamwita mwenyekiti washike meza pande mbili, wakaibeba mpaka karibu na mlango, ili kila anayeingia aanze na koplo.