Mkuyu wa Nyakach na Bamba la Kioo Nililoliosha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mtungi. Nilikuwa nimevaa tai, na mfukoni nilikuwa na barua ya chuo kikuu cha ng'ambo nilikokaa miaka miwili nikisomea shahada ya pili ya elimu ya mimea, shahada ambayo sikuimaliza. Wasahihishaji wa tasnifu yangu waliandika kwamba nilikuwa nimejadili kila jambo bila kuamua lolote. Nilirudi Kisumu mwanzoni mwa miaka ya hamsini kama mtu aliyeanguka kutoka kwenye ngazi na bado anahesabu vipawago. Nilipopata nafasi ya mpiga picha katika idara moja ya serikali, niliipokea kwa shukrani, kwa kuwa kamera, nilivyodhani, ni chombo kinachoamua kwa niaba ya mtu.

Mtungi ulikuwa wa kupozea maji. Fundi Mkuu wa chumba cha giza, Mpunjabi aliyezaliwa papo hapo Kisumu na aliyeongea Kijaluo cha sokoni kwa wepesi kuliko baadhi yetu tuliokulia misheni ya Maseno, alinieleza bila kuinua macho kutoka kwenye meza yake.

"Maji ya huku iko moto, bwana. Ukisafisha picha na maji ya bomba, ngozi ya picha natoka kwa kioo kama ngozi ya maziwa. Wewe jaza mtungi leo jioni, kesho iko baridi."

Nilimwuliza maji hayo yapaswa kuwa na joto la digrii ngapi hasa. Alichovya kiwiko katika sinia, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto, akanionyesha kiwiko chenyewe. "Hii digrii," akasema.

Ninyi mnaopiga picha kwa kidole kimoja na kuitazama papo hapo mtaniwia radhi nikieleza taratibu zetu. Kamera yetu ya nje ilikuwa sanduku la mbao lenye mvukuto wa ngozi, nayo ilisimama juu ya miguu mitatu. Nyuma yake palikuwa na kioo cha ukungu. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi, akaitazama taswira katika kioo kile, ikiwa imepinduliwa: mbingu chini, mizizi juu, na kilichokuwa kulia kikiwa kushoto. Akisharidhika, alitia bamba la kioo lililopakwa dawa inayohisi mwanga, akaondoa kifuniko cha lenzi, akahesabu, akakirudisha. Mbele ya lenzi tuliweka chujio la manjano, kwa sababu bila hilo mbingu ya upande wa ziwa hutoka nyeupe tupu, na mawingu yote hupotea.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo muhimu kwa habari hii. Bamba likiharibika hatukulitupa. Tuliliosha kwa maji ya moto na magadi hadi ile ngozi ikabanduka, na kioo safi kikatumika kufunikia picha za ukutani. Katika ofisi yetu nzima hapakuwa na fremu iliyofunikwa kwa kioo cha dukani.

Kazi niliyopewa ilikuwa kutengeneza albamu ya miti mashuhuri ya nyanda za ziwa: mikuyu, misufi, mininga na mikwaju yenye umbo au umri wa kutazamwa. Mkuu wa Idara, Mwingereza mrefu aliyetembea akiwa amefumba mikono mgongoni, aliikusudia kwa maonyesho ya Nairobi. Kabla yake ilikuwa desturi kumsimamisha mtu kando ya shina ili ukubwa uonekane. Yeye aliifuta desturi hiyo siku aliyoniita ofisini kwake.

"Mimi nataka mti," alisema. "Hapana taka majirani yake."

Niliuona mkuyu wa Nyakach mara ya kwanza nikiwa ndani ya lori, ng'ambo kidogo ya Katito, milima ya Nyabondo ikiwa nyuma yake. Shina lake lilikuwa na mikunjo kama nguo iliyokazwa kiunoni, na matawi yake ya chini yalitanda mbali kuliko urefu wake. Nimepiga picha miti mingi tangu siku hiyo. Sijapata kuona mwingine uliotua ardhini kwa utulivu ule.

Haukuwa peke yake. Kuuzunguka upande mmoja palikuwa na ua wa ojuok, ule mmea wa vijiti vya kijani ambao maziwa yake hupofusha macho, na ndani ya ua palikuwa na mwinuko wa udongo wa nyumba iliyoanguka. Yaani ilikuwa gunda, boma la zamani ambalo mwenyewe amekwisha kufa. Mjaluo yeyote ajua kwamba ua wa gunda haukatwi. Unaachwa umee utakavyo, kwa kuwa ndio unaosema nani aliishi pale na nani ana haki ya kulima pale.

Mjane wa boma hilo alikuwa analima mtama pembeni. Aliitwa Min Awino, yaani mama yake Awino, bintiye wa pekee, aliyekuwa ameolewa Kisumu. Hakuwa na mtoto wa kiume. Tulipozungumza aliniambia waziwazi kinachomsumbua: watu wa barabara walikuwa wanatafuta kiwanja cha kambi, na shemeji zake walikuwa wamenyamaza mno. "Nimebaki na ua huu tu," alisema. Kisha akanitania kwamba mimi, Japicha, ndivyo walivyomwita mpiga picha, nilikuwa mwembamba kuliko miguu ya kamera yangu, na kwamba ng'ambo bila shaka hawapiki.

Lori letu lilikuwa limekwama asubuhi katika udongo mweusi wa Ahero, kwa hiyo tulifika tumechelewa, na upepo wa ziwa ulikuwa umekwisha kuanza. Nilimwomba asimame kwenye ua ili nipate kipimo, kwa desturi ile iliyokwisha kufutwa. Nilihesabu sekunde mbili. Yeye hakutikisika, lakini majani yalitikisika.

Katika chumba cha giza Fundi Mkuu aliliinua bamba mbele ya taa nyekundu. Ua ulitoka wazi, kijiti kwa kijiti, na mjane naye wazi, mkono wake ukiwa juu ya nguzo ya lango. Mti juu yao ulikuwa kama moshi.

"Mama iko sawa," alisema Fundi Mkuu. "Mti imekimbia."

Mkuu wa Idara alitaka mti. Nikaliosha bamba lile mwenyewe, kwa magadi, nikalipanga pamoja na vioo safi.

Nilirudi Nyakach wiki iliyofuata, alfajiri, hewa ikiwa imetulia kabisa. Min Awino alikuwa amekwenda soko la Katito. Katika kioo cha ukungu niliuona ua kama mstari mweusi uliokata mizizi, nikajadiliana na nafsi yangu kwa muda mrefu mno. Nilijua ua ule ni nini, na hilo ndilo nisiloweza kulikwepa. Lakini nilijiambia kwamba ojuok ni mmea usiokufa, kijiti chake kikichomekwa popote hushika, na kwamba naibu wa chifu, niliyemwomba ruhusa, alikubali upesi. Upesi ule ungalipasa kunishtua. Vibarua wawili waliufyeka ua, wakang'oa mashina, wakasawazisha na ule mwinuko wa nyumba. Nikapiga picha bora kuliko zote za maisha yangu. Chini yake niliandika, baada ya kupima maneno kwa nusu saa, kwamba mkuyu huo umo katika ardhi isiyokaliwa. Niliridhika na usahihi wa neno hilo, kwani ni kweli hakuna aliyelala pale.

Mvua za masika zilipokwisha, karani wa watu wa barabara alipeleka nakala ya picha ile mbele ya wazee wa baraza la ardhi, kama ushahidi kwamba kiwanja hakina mwenyewe. Habari ilinifikia kupitia kwa Awino, aliyekuja hadi mlango wa ofisi yetu akitaka kumwona mtu aliyekata ua wa baba yake. Hakupaza sauti. Aliniambia siku ambayo wazee wangekagua kiwanja, akaondoka.

Mkuu wa Idara alikataa kuniruhusu kwenda. Fundi Mkuu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanishushia kamera kutoka rafuni. "Chukua. Mtu akiuliza, mimi nasema iko kwa kutengenezwa."

Nilikuwa na daftari langu. Nilikuwa nimeandika hatua kutoka kwenye shina, urefu wa miguu ya kamera, na upande wa jua. Mbele ya wazee niliisimamisha kamera pale pale ilipokuwa siku ya bamba la kwanza, nikaingia chini ya kitambaa cheusi, nikakumbuka ua ulivyokuwa. Vibarua hatukuwa nao; wazee wenyewe walichukua vijiti na kuvichomeka kila niliponyosha mkono. Kwa kuwa taswira imegeuzwa, nilipoonyesha kulia nilimaanisha kushoto, nao wakazunguka wakigongana.

"Japicha, amua," mmoja alisema huku wenzake wakicheka. "Mkono wa kulia chakula, au ule mwingine?"

Hata Min Awino alicheka. Kwa muda ua ulianza kurudi, kijiti kwa kijiti. Kisha tukafika langoni. Yeye alisema lango lilikuwa pale alipokuwa amesimama sasa, na mwenyekiti akaniuliza kama nina hakika. Bamba nililoliosha lingalijibu kwa neno moja. Mimi nilitazama kioo, nikatazama daftari, nikasema kwamba kwa sehemu kubwa nadhani ndivyo, ingawa huenda ikawa hatua tatu upande wa mashariki, kutegemea mahali pa lenzi.

Mwenyekiti aliiinua nakala ya karani. "Mama ana hakika," alisema. "Picha hii ya karatasi nayo ina hakika. Wewe peke yako ndiwe huna."

Waliamua kwa picha ya karatasi. Kambi ilijengwa, na mkuyu ukakatwa kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa mizizi yake iliziba njia ya malori.

Min Awino alihamia Nyalenda, mtaa wa Kisumu, kwa bintiye. Nilikwenda kumwona, nikichukua nakala kubwa ya picha, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kuchukua. Awino alinipa kigoda akaendelea kufua. Mama aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Umeupiga vizuri," alisema. "Ni wenyewe kabisa. Sasa nionyeshe, mwanangu, mimi nilikuwa nimesimama wapi?"

Niliweka kidole mahali peupe, chini ya tawi la kushoto. Safari hii sikusema huenda.

Baadaye nilihamishiwa Kakamega, kisha Nakuru, chini ya wakuu wengine watatu, na mmoja wao alinipandisha cheo kwa sababu ya mkuyu ule. Fundi Mkuu aliacha kazi kabla yangu. Barua zetu zilikoma tulipozeeka. Nilistaafu nikiwa na maelfu ya negativu zilizopangwa vizuri, kila moja na hatua zake, upepo wake, na upande wa jua.

Vijana hunitembelea wakitaka kuona albamu. Hupenda mkuyu wa Nyakach kuliko yote, na huniuliza nilifanyaje mpaka ukasimama peke yake namna ile. Huwa nawaeleza juu ya chujio, na saa ya alfajiri, na panga. Lakini picha ninayoitamani si hiyo. Natamani ile iliyoharibika, ambayo hakuna aliyeiona isipokuwa watu wawili chini ya taa nyekundu: mti umekuwa moshi, upepo wote wa ziwa umo ndani ya majani, na chini yake ua umesimama kijiti kwa kijiti, na mwanamke ametulia, mkono juu ya nguzo, lango likiwa pale pale alipolisema.