J ya Jua, J ya Juu: Fundi Aliyekosea Ukuta wa Maktaba

Saa moja na nusu asubuhi, mlango mkubwa wa maktaba bado umefungwa. Ndani, mwanamke wa miaka hamsini na sita amepiga magoti sakafuni, penseli sikioni, jicho moja amelifumba. Anasubiri jua.

Jua haliendi kwa haraka zake. Linapita kwenye matundu ya ukuta wa matofali, na sakafuni yanatokea madoa ya mwanga: moja, kisha matano, kisha mengi hata kuyahesabu ni kazi. Mwanamke anaweka alama ndogo ya penseli pale doa la mbali kabisa linapokomea. Anainuka kwa kushikilia meza, na magoti yake yanalia kama bawaba iliyokosa mafuta.

“Umeyasikia?” anamuuliza mwandishi huku akicheka. “Hayo ndiyo mafao ya fundi mwashi.”

Wote hapa wanamwita Mama Timazi. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni ambao waashi hupimia kama ukuta umesimama wima. Jina alibandikwa na mafundi wenzake kwa sababu hawezi kuingia chumba chochote bila kufumba jicho na kukagua kuta. Alipolazwa hospitali mwaka juzi, neno la kwanza kumwambia daktari lilikuwa kwamba dirisha la wodi limekaa upande.

Leo lakini utani ni wa kujikaza tu. Saa mbili na nusu kamati ya maktaba inakuja kuamua kama sehemu ya ukuta huu izibwe kwa saruji. Ni sehemu aliyoijenga yeye kwa mikono yake. Na ni sehemu aliyoikosea.

Maktaba yenyewe ni jengo ambalo mgeni hulipita akidhani halijamalizika. Halina plasta, halina rangi. Paa lake limetokeza nje hatua nne nzima, kama kofia pana, na ukuta mrefu wa mbele wote ni matofali ya mraba, kila moja na tundu lake. Yapo 4,112. Mama Timazi anajua idadi kwa sababu ndiye anayeyasafisha, tundu kwa tundu, kwa brashi aliyoitengeneza kwa mpini wa ufagio, akipambana na vumbi, buibui na nyigu wasio na adabu.

“Mji mzima ulitucheka,” anakumbuka. “Walisema tunajenga banda la kuku. Ngoja joto lije sasa! Wale wale wakaja humu, wakakaa, wakauliza hiyo mashine ya ubaridi iko wapi. Nikawaambia mashine ni tundu.”

Hakutia chumvi. Ndani hakuna feni hata moja, na bado hewa inatembea. Siri ni kwamba tundu la kila tofali halikwenda moja kwa moja, limekatwa mshazari. Ubavuni mwa kila tofali msanifu wa jengo alichora herufi moja, J, ili mafundi wajue lipi likae vipi.

Miaka tisa iliyopita Mama Timazi alikuwa kibarua wa siku tatu kwa wiki, wiki ikiwa nzuri. Alikuwa ameanza ujenzi kwa kubeba ndoo za zege akiwa na binti mchanga mgongoni, akaiba ujuzi kwa macho, hadi siku fundi mmoja alipougua na yeye akashika mwiko. Hakuurudisha. Kwenye maktaba alipewa kuongoza kikundi cha waashi wanne, mara ya kwanza maishani kupewa watu.

Wiki waliyoanza ukuta wa mbele, msanifu alikuwa amelazwa kwa homa na simu yake haipatikani. Msimamizi wa ujenzi alikuwa upande wa pili na mafundi wa paa. Mama Timazi akalichukua tofali la kwanza, akaigeuza ile J, akaona hakuna cha kuuliza.

“Kila kitu kinacholetwa kazini kinaandikwa neno ‘juu’,” anaeleza. “Maboksi ya vioo, juu. Makreti ya vigae, juu. J ni nini kingine? Nikaiweka juu.”

Walijenga mistari sita, kila mstari matofali thelathini na sita. Kamba imenyooka, timazi imetulia. Anasema hajawahi kujenga ukuta mzuri kama ule.

Siku ya tatu asubuhi, msanifu akarudi, bado dhaifu, kajifunga mtandio. Akasimama ndani akatazama sakafu. Ilikuwa imejaa madoa ya mwanga, mahali ambapo kwa hesabu zake palitakiwa pawe na kivuli kitupu.

Ile J ilikuwa ya jua. Ilitakiwa itazame upande jua linakochomoza, ndipo mshazari ule uzuie miale na kuingiza upepo. Ukiiweka juu, upepo unaingia bado, lakini tundu linatazama angani, na jua nalo linakaribishwa ndani.

Msimamizi alifika akifoka. Alitaka mistari yote ivunjwe, na kikundi kiijenge upya bila malipo, kazi ya siku nne. Mbele ya mafundi wote akatoa neno ambalo Mama Timazi analikumbuka mpaka leo: “Haya ndiyo matokeo ya kumpa ramani mtu asiyejua kusoma.”

Hapa anachukua mwiko wake mezani, anaupangusa ilhali hauna kitu.

“Liliniuma. Niliishia darasa la tano, sawa, lakini J naijua. Niliisoma. Kosa langu ni kwamba nilisoma herufi moja, neno lililobaki nikalimalizia mwenyewe.”

Siku ile hakusema hayo. Alisema tu, “Nimekosea mimi. Hawa wenzangu wamefuata mkono wangu.” Alijua kwamba akishaondoka pale, hakuna atakayempa tena watu wa kuongoza.

Msanifu aligeuza ndoo ya saruji akaikalia. Kwa simu, kutoka mji anakofanya kazi sasa, anasimulia kilichofuata kana kwamba kilitokea jana.

“Nikamuuliza, mama, hii J umeisomaje? Akasema, juu. Nikamwambia mimi niliandika jua. Akanitazama kwa upole kabisa, akaniambia, ‘Sasa mwanangu, jua si liko juu?’ Jamani! Nilicheka mpaka machozi. Nilikuwa sijacheka tangu nilazwe.”

Alipomaliza kucheka alimwambia msimamizi kwamba kosa ni la watu wawili, aliyeandika herufi moja na aliyeisoma, na kwamba hakuna kitakachovunjwa mpaka aone mwanga ule unafanya nini siku nzima. Akakaa kwenye ile ndoo hadi saa tano, jua lilipopanda na paa likaufunika ukuta. Akainuka akasema, “Hapa tutaweka mabenchi ya kusomea.”

“Mimi mtu huyo namshukuru kila siku,” anasema Mama Timazi. “Si kwa sababu alisema sijakosea. Alisema nimekosea, halafu akakaa kwenye kosa langu akalitazama vizuri. Nani mwingine anafanya hivyo?”

Jengo lilipokamilika, msanifu alishikilia kwamba liajiri mtu anayelijua kutoka ndani. Mama Timazi akapata kazi ya kwanza ya mshahara wa mwezi katika maisha yake, mtunza jengo. Kwa mshahara huo binti yake alimaliza masomo ya uuguzi. Binti huyo ndiye aliyekuwa zamu wodini siku ile ya dirisha lililokaa upande, na anasema alitamani ardhi ipasuke.

Kwenye mabenchi yale kila asubuhi huketi mwalimu mstaafu ambaye watoto wanamwita Babu Lenzi, kwa kioo chake cha kukuzia maandishi. Macho yake yamefifia, na taa za umeme zinayaumiza.

“Nyumbani namwomba mjukuu anisomee gazeti,” anasema. “Ananirukia mistari, ananisomea michezo tu! Hapa, kuanzia saa tatu hadi saa tano, najisomea mwenyewe. Sijui fundi alikosea nini. Mungu ambariki aendelee kukosea.”

Balaa lilianza mwaka jana. Vitabu viliongezeka, na mkutubi mkuu, mtu mpole anayeshika kitabu kama mtu anayeshika yai, alisogeza kabati mbili karibu na ukuta. Baada ya miezi michache alitoa kamusi moja kabatini. Mgongo wake ulikuwa mwekundu. Sasa ulikuwa wa waridi, na wenye madoa.

“Nilikaribia kulia,” anakiri mkutubi. “Vitabu havina wa kuvisemea. Nikaandikia kamati kwamba mistari ile sita izibwe.”

Mama Timazi alipoelezwa, uso ulimshuka. Zege angelichanganya nani kama si yeye mwenyewe? Lakini hakubishana. Aliomba apewe mwaka mmoja, na mkutubi, akishaviondoa vitabu vilivyoathirika, akakubali.

Tangu hapo, kila Jumatatu saa moja na nusu, amekuwa akipiga magoti na kuweka alama ya penseli mahali mwanga unapokomea. Chaki ingefutwa na deki, kwa hiyo aliandika kwenye maungio ya vigae, padogo, na tarehe pembeni. Leo ni Jumatatu ya hamsini na mbili.

Saa mbili na nusu wanakamati wanaingia, watu watano na mkutubi, ambaye ameshika ile kamusi ya waridi kama ushahidi mahakamani. Mama Timazi amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Mikono ameiweka nyuma.

“Mimi si msemaji,” anaanza. “Naomba mtazame chini tu.”

Wanatazama chini. Kwa mbali ni uchafu wa penseli. Ukiinama, unaona njia: alama zinatoka ukutani, zinapita pembeni mwa kabati, mwezi baada ya mwezi, zinafika mahali zinasimama, kisha zinarudi zilikotoka.

“Jua lina mwisho wake,” anasema. “Mwaka mzima halijavuka hapa.” Anaweka mguu kwenye kigae cha saba kutoka ukutani. “Kabati zimekaa kigae cha tano. Ukuta haujazifuata kabati. Kabati ndizo zimekuja kwa ukuta.”

Mwanakamati mmoja anacheka. Mkutubi hacheki. Anaiweka kamusi mezani, anapiga magoti pembeni ya alama, na anaanza kuzisoma tarehe moja moja, kidole sakafuni. Inachukua muda. Mwenyekiti anakohoa, anatazama saa. Mkutubi yuko kwenye tarehe bado.

“Na wiki hii hapa?” anauliza ghafla. “Mbona haina alama?”

“Ilikuwa mawingu, baba. Nimeandika hapo, soma vizuri.”

Anasoma vizuri. Imeandikwa: *mawingu*. Neno zima.

Mkutubi anainuka, suruali ina vumbi magotini. Anawaambia wanakamati kwamba ombi lake analiondoa. Kabati zirudi nyuma hadi kigae cha tisa, ukuta ubaki kama ulivyo. Kisha anamgeukia Mama Timazi, na kwa sauti ya chini anaomba radhi kwamba hakuwahi kumuuliza. Mama Timazi anasema asante, anasema tena asante, halafu anasema ngoja nilete kitambaa nifute vumbi, na anaondoka haraka. Kitambaa kiko mfukoni mwake.

Saa tatu mlango unafunguliwa. Babu Lenzi anaingia na fimbo yake, anakaa palepale, mwanga unamwangukia magotini. Hajui kwamba nusu saa iliyopita benchi lake lilikuwa mashakani, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Mama Timazi ana mpango. Msanifu yule amepewa kazi ya maktaba nyingine, ndogo, mji wa jirani, na wiki mbili zilizopita alituma ramani. Mama Timazi anaitoa kabatini na kuikunjua kwa uangalifu. Kuta tatu zimeandikwa *J ielekee JUA*. Chumba cha watoto kina mistari sita iliyozungushiwa duara, na maneno haya: *Matofali 216. J ikae JUU. Kama alivyojenga mama.*

Maktaba imempa likizo ya miezi miwili akaijenge. Magoti hayatamruhusu kupanga matofali yote, anajua. Atapanga mstari wa kwanza. Mitano iliyobaki itajengwa na mafundi vijana, wanane, ambao hajawahi kuwaona.

“Na wewe utafanya nini?” anaulizwa.

Anaikunja ramani, anaipangusa kwa kiganja, ingawa haina vumbi.

“Mimi nitageuza ndoo nikae,” anasema. “Mimi ndiye nitakayewasomea ramani.”