Nilimnunulia mama dawa za magoti Bunda, nusura nimzike

Habari za humu wakuu.

Kaeni mkao wa kusoma, ni ndefu kidogo. Sijaongeza chumvi, na pale ninapoonekana mjinga nimepaacha hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa mjinga kweli.

Juzi kwenye uzi mmoja nimeona jamaa anamshauri mwenzake mwenye mgongo, "piga diclofenac mbili, asubuhi unaamka mpya". Watu wakagonga like. Nikaona leo niseme.

Tulikuwa tunaishi Kitaji, Musoma. Mama alikuwa fundi cherehani, kile cha kukanyaga kwa miguu, kwenye kibaraza cha duka moja mtaa wa Mukendo. Kwao ni Butiama. Alizaliwa Mkristo, akasilimu alipoolewa na baba. Baba alishatangulia, lakini mama alibaki na dini yake na alikuwa haachi funga hata siku moja. Aliogopa mawifi waseme alisilimu kwa ajili ya ndoa tu.

Sasa vijana mnielewe hapa. Miaka ya themanini mwanzoni ulikuwa unaandikiwa dawa, ukifika dirishani unaambiwa hamna. Siku ukibahatika unapewa vidonge vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kwa hiyo kidonge kilikuwa mali. Kikibaki hakitupwi, kinaingia kwenye kopo kabatini. Ndugu akija anaumwa, anagawiwa. Kuwa na dawa halafu ukamnyima mwenzako ilikuwa roho mbaya kabisa.

Halafu ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Madukani kukajaa kila kitu, sabuni za kuchagua, redio, na dawa pia. Mimi nikawa nauza mitumba sokoni Bunda. Ndiyo wakuu, mama anashona nguo mpya, mtoto wake anauza mitumba. Alikuwa ananiita "mshindani wangu", tunacheka.

Lakini mitumba ilikuwa imemlia wateja kweli. Kilichobaki ni msimu wa Idi, watu bado walitaka nguo ya kushonewa. Kwa hiyo mwezi mzima wa Ramadhani ndiyo alikuwa anakanyaga cherehani kuliko wakati wowote, na amefunga.

Mwaka huo, miaka ya tisini mwanzoni, magoti yakavimba. Akaenda hospitali kabla ya mfungo, daktari akamwandikia indomethacin. Kapsuli moja mara tatu kwa siku, baada ya chakula, siku chache tu kisha arudi aonekane.

Zilimsaidia. Hakurudi. Akawa ananunua mwenyewe dukani kwa kuonyesha kasha la zamani.

Nilipoenda kumsalimia nikamkuta anashuka ngazi ya kibaraza kinyumenyume, kashika ukuta. Iliniuma sana. Niliporudi Bunda nikaingia duka la dawa, nikamwambia muuzaji nataka ya magoti, ile kali. Hakuuliza ni ya nani, hakuuliza anatumia nini kingine. Akanihesabia diclofenac kwenye bahasha ya kaki, nyingi. Nikatoka pale najiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa mkoa wa Mara.

Mama alifurahi mpaka akaniombea dua. Za kwake zilikuwa kapsuli, zangu vidonge vya rangi nyingine. Akaamini ni dawa mbili tofauti, kila moja na kazi yake. Mimi pia niliamini hivyo.

Mfungo ukaanza. Mchana hamezi kitu. Lakini dozi ni mara tatu, na kwa mtu aliyekulia kwenye uhaba, kuacha dozi ni dhambi. Kwa hiyo akawa anameza zote za siku kwa mpigo wakati wa daku ili magoti yavumilie mchana, kapsuli na vidonge vyangu pamoja, na chai ya rangi na kipande cha muhogo. Kisha anafunga, anakwenda kukanyaga.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye.

Tumbo likaanza kuwaka. Akasema ni njaa ya funga. Choo kikawa cheusi kama lami. Hakumwambia mtu, akajisemea ugonjwa ndio unatoka, dawa zinafanya kazi. Mwili ulikuwa unamwambia, yeye anafurahia.

Siku ya kumi na kitu ya mfungo, alasiri, nilikuwa nimekuja Musoma kuchukua mzigo. Nikapita kibarazani. Nikamwona kichwa kimelala juu ya cherehani, nikadhani amesinzia. Nilipomgusa alikuwa wa baridi, jasho, midomo myeupe. Akatapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa.

Tukambeba na mwenye duka hadi hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja mtulivu. Akauliza anatumia dawa gani. Nikakimbia nyumbani nikaleta kopo lote. Akalimimina mezani, akanitazama.

"Nani kampa hizi za pili?"

"Mimi."

"Hizi zote ni za ukoo mmoja," akasema. "Zinatuliza maumivu na uvimbe, lakini zinaondoa kinga ya tumbo. Akila mbili pamoja hapati nafuu mara mbili, anapata madhara mara mbili. Na tumbo tupu, na zote kwa wakati mmoja. Ana kidonda kinavuja damu. Anahitaji damu leo hii."

Hakunigombeza, na hiyo iliniumiza zaidi.

Tukatuma ujumbe Butiama. Kesho yake asubuhi akafika mjomba, kaka yake mama, mkulima, mtu wa miraba minne. Tayari mimi na mwenye duka tulishatoa damu, lakini ilitakiwa nyingine. Mjomba akakunja shati, akamwambia mhudumu wa maabara, "Mimi sijaumwaga, chukua hata ndoo."

Akatobolewa kidole. Tone la damu likadondoshwa kwenye maji ya bluu. Damu nzito huzama. Ya kwake ikaelea. Wakarudia, ikaelea tena.

"Mzee, wewe mwenyewe huna damu. Unaumwa nini?"

"Siumwi, ni mgongo tu. Na dada yangu alinipaga dawa, nzuri kwelikweli. Namezaga asubuhi kabla sijaenda shamba." Akatoa mfukoni kipande cha gazeti, akakifungua. Mle ndani zilikuwa diclofenac zangu.

Mama alimgawia nusu ya bahasha. Mtu mwenye dawa angemnyimaje kaka yake?

Choo? Cheusi. Tumbo? "Linachomaga, lakini nikinywa uji linatulia." Akalazwa siku hiyo hiyo, wodi ya wanaume. Dada huku, kaka kule, mimi katikati na mafuta ya taa mkononi, maana ndugu ndio tulioleta ya jiko la hospitali la kuchemshia sindano. Wauza mitumba wenzangu watatu wakatoka Bunda kuja kutoa damu. Sitawasahau.

Mama alipopata nguvu ya kuongea nikamwambia, "Mama, nisamehe, ni zile dawa zangu." Akanipapasa mkono.

"Ulinihurumia, mwanangu. Na mimi nikamhurumia kaka yangu. Sasa nenda Butiama, mjomba wako na yeye kamhurumia mtu."

Kweli, nilipomuuliza mjomba akasema amempa bibi mmoja jirani yake, ajuza wa peke yake. Nikaenda. Nikamkuta amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, nikaeleza yote, nikamwomba anirudishie.

Akaweka mkono kifuani alikozifunga kwenye pindo la kanga.

"Mjukuu, miaka yote naumwa hakuna aliyeniletea dawa. Leo nimepata, unakuja kuninyang'anya?"

"Bibi, zinaweza kukuua."

Akafungua pindo polepole. Zilikuwa nne. Akaniwekea kiganjani, akauliza kwa sauti ndogo, "Haya. Na goti langu nalo unaliachaje?"

Sikuwahi kufikiria kwamba kumwambia mtu aache dawa si msaada kama maumivu yanabaki pale pale. Nikampakia kwenye baiskeli ya mjomba nikamkokota hadi zahanati, akapimwa, akapewa dawa ya kumfaa yeye, wakamweleza dalili za kuangalia. Alilalamikia tairi lisilo na upepo njia nzima.

Mama na mjomba walipona. Mama akaishi miaka mingi, na magoti aliyatibu kwa kufuata daktari. Mwaka uliofuata hakufunga siku ambazo mwili ulikataa. Alisema Mungu anamjua, mawifi watajua wenyewe.

Nilichojifunza: dawa hizi si mbaya, zinasaidia sana ukiandikiwa wewe, ukala kwanza, ukameza kwa siku ulizoambiwa. Usichanganye. Usigawe ya kwako. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo, figo, presha, mjamzito au mzee, aseme kabla hajaandikiwa. Choo cheusi au kutapika vyeusi, usingoje kesho.

Wenye uzoefu na madaktari wa humu, karibuni mnirekebishe nilipokosea.

Ila kabla hujacomment, mpigie mzazi wako simu. Usimuulize anaendeleaje, atakwambia hajambo. Muulize anameza nini.