Shangazi wa Mwaka wa Kwanza

Darasani walimwita Shangazi, naye hakukataa, maana wengi wao walikuwa rika la watoto wa kaka yake. Nusu ya umri wake alikuwa mpokea simu wa kiwanda cha sabuni, hadi wenye kiwanda walipoweka mtambo unaojibu simu wenyewe, wakampa mkono wa kwaheri. Ndipo akajiandikisha chuo, asomee usimamizi wa wafanyakazi.

Mwanawe wa pekee, aliyehitimu chuo hichohicho na tangu hapo akawa mkazi wa kochi la sebuleni, hakumficha. "Mama, unapanda gari ambalo mimi nimeshuka."

"Enzi zetu mwenye cheti alifuatwa nyumbani na gari la ofisi."

"Enzi zenu, mama."

Hakumsikiliza. Darasani aliketi mbele, mgongo wima, akiandika hata mhadhiri alipokohoa. Vijana walijazana nyuma, macho kwenye simu, wakiuza viatu na makava ya simu mtandaoni kimyakimya. Aliwaona wavivu, mpaka alipozoeana na Kidoti, binti mcheshi mwenye doa shavuni.

"Shangazi, wewe umefuata kazi," Kidoti alimwambia. "Sisi tumekuja ili nyumbani watuache tupumue. Kazi tunajua haipo."

Ulipofika wakati wa kutafuta ofisi za kufanyia mazoezi ya kazi, wakaongozana. Mlango baada ya mlango, "tutawapigia." Mwishowe kampuni moja ya bima ikawaita ndani. Ofisa, kijana wa tai nyembamba, alimtazama Kidoti kwanza.

"Dada, tunahitaji mwenye uzoefu."

Shangazi akajiweka sawa kitini. Uzoefu alikuwa nao tele.

"Na wewe mama, samahani sana. Tunataka damu changa."

Walishuka ngazi. Nje Kidoti akapasuka kicheko. "Wangetuchanganya, Shangazi, tungetoka mtu mmoja kamili!" Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa kiganja. "Mimi chuo basi. Kesho sirudi."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Ukimaliza..." Shangazi akakwama. Alitafuta neno la kumalizia, lolote, hata la uongo. Kidoti alisubiri kwa adabu, kisha akamshika mkono, akaaga, akavuka barabara.

Nyumbani mwanawe alimsoma usoni alipoingia tu. Shangazi alijiandaa kuchekwa. Kijana hakucheka. Alikunja shuka lake, akasogea, akampisha kwenye kochi.

Akaketi na viatu vyake vya ofisini miguuni. Kwa mara ya kwanza alikumbuka asubuhi zote alizomgombeza kijana huyu: amka, wenzako wako kazini.

"Baba," alimwita hivyo tangu akiwa mchanga, "hali hii mtu anaizoeaje?"

Kijana alitazama ukutani.

"Haizoeleki, mama."